Uniti Moja Ndani ya Sanduku: Kituo cha Umeme cha Kubebeka na Matunzo Yake

Kituo cha umeme cha kubebeka ni sanduku lenye betri, inveta na saketi za kuongoza chaji, vyote vikiwa vimeunganishwa kiwandani ili mtumiaji achomeke taa, feni au kompyuta bila kuhitaji fundi. Sanduku hilo halizalishi umeme bali huhifadhi uliozalishwa kwingine. Ni ghala, si shamba, na asiyezingatia tofauti hiyo hulinunua kwa matarajio ambayo haliwezi kuyatimiza. Zanzibar ilipokaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kutokana na hitilafu katika mfumo unaoleta umeme kutoka Tanzania Bara kwa kebo ya chini ya bahari, sanduku la namna hii lisingefika mbali pasipo paneli za sola au jenereta ya kulijaza upya. Umeme ukikatika kwa saa 4 au 6, hata hivyo, faida yake huonekana wazi, kwa kuwa halina moshi wala kelele na linaweza kukaa ndani ya nyumba, mahali ambapo jenereta ya petroli haipaswi kuwashwa kamwe, kwani hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huwaua watu wakiwa usingizini.

Vipimo viwili ndivyo vinavyoamua kazi ya kifaa hiki, na kuvichanganya ndiko chanzo cha malalamiko mengi ya wanunuzi. Kipimo cha kwanza ni wati-saa, yaani kiasi cha nishati kinachoweza kuhifadhiwa. Wati-saa 1000 ni sawa na kilowati-saa 1, ambayo mteja wa LUKU nchini Tanzania na mnunuzi wa tokeni nchini Kenya wanaifahamu kwa jina la uniti. Kipimo cha pili ni wati, yaani kasi ambayo inveta inaweza kuitoa nishati hiyo kwa wakati mmoja. Birika la umeme la wati 2000 linadhihirisha tofauti hiyo vizuri: kuchemsha lita 1 ya maji hutumia takriban wati-saa 100 tu, kiasi ambacho sanduku la uniti moja linacho mara kadhaa, lakini inveta yake ikiwa ni ya wati 1000 itajizima papo hapo, kwa sababu nishati ipo ila mlango wa kuipitishia ni mwembamba. Friji nayo huleta ugumu wa aina yake, kwani kompresa inapoanza kuzunguka huvuta, kwa muda usiofika hata sekunde moja, wati zinazoweza kuwa mara 3 hadi 5 ya zile inazotumia ikishatulia. Kwa hiyo uwezo wa inveta kuhimili mshtuko wa kuanzia hauna budi kuangaliwa kabla ya kununua.

Si nishati yote iliyoandikwa kwenye sanduku inayomfikia mtumiaji. Inveta hugeuza umeme wa mkondo mnyoofu wa betri kuwa mkondo geu wa volti 230, sawa na ule wa soketi za nyumbani, na katika kazi hiyo sehemu ya nishati hupotea kama joto, hivyo ni busara kuhesabu asilimia 85 tu. Familia inayowasha taa 3 za wati 7, feni ya mezani ya wati 45, televisheni ya wati 60 na ruta ya intaneti ya wati 10 hutumia wati 136 kwa pamoja. Wati-saa 850 za sanduku la uniti moja zikigawanywa kwa idadi hiyo, umeme utadumu kwa saa 6 na dakika 15 hivi. Inveta yenyewe, hata pasipo chochote kilichochomekwa, inaweza kula wati 10 au zaidi, na ikiachwa imewashwa usiku kucha humaliza wati-saa 100 bure. Ndiyo maana simu, ambayo betri yake ya miliampia-saa 5000 hubeba takriban wati-saa 19 tu, inafaa kuchajiwa kwenye tundu la USB, huku upande wa mkondo geu ukiwa umezimwa.

Kemia ya betri inastahili uangalifu mkubwa kuliko jina la mtengenezaji. Betri za lithiamu huhifadhi nishati kwa kuzisafirisha ioni za lithiamu baina ya ncha mbili. Ncha hasi kwa kawaida hutengenezwa kwa madini ya kinywe, ambayo yanapatikana pia Mahenge mkoani Morogoro, na ncha chanya hutofautiana. Aina moja hutumia nikeli, manganizi na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Lualaba na Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika miji inayozungumza Kiswahili kama Kolwezi na Likasi. Aina ya pili hutumia chuma na fosfati, na ilielezwa mwaka 1997 na John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas. Goodenough alikuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2019 pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Katika fosfati, oksijeni imefungwa imara na fosforasi, kwa hiyo haiachiliwi kirahisi betri inapopata joto kali, na moto haupati kichocheo chake. Aina hiyo ni nzito zaidi, lakini huvumilia maelfu ya mizunguko ya kuchaji na kutumia, ilhali ile ya kobalti mara nyingi huchoka baada ya mizunguko mia kadhaa hadi elfu moja. Kwa nyumba ya ukanda wa joto, uzito huo ni gharama ndogo sana.

Joto ndilo adui mkuu. Kasi ya kuzeeka kwa betri huongezeka kwa haraka kadiri nyuzijoto zinavyopanda, na gari lililofungwa vioo juani huweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi. Sanduku lililosahauliwa humo, hasa likiwa limejaa, huzeeka bila kutumika. Kosa linalofanana na hilo hutokea wakati wa kuchaji kwa sola, pale paneli na sanduku vinapowekwa pamoja juani, ingawa ni paneli pekee inayohitaji jua na kebo yake ina urefu wa kutosha kuliacha sanduku kivulini. Paneli zikiunganishwa mfululizo, volti zake hujumlishwa, na zikizidi kiwango kilichoandikwa kwenye tundu la kuingizia chaji, saketi huungua bila njia ya kurudi nyuma. Pwani, ambako hewa ina chumvi na unyevu, feni za kupoza huvuta chumvi hiyo ndani, kwa hiyo matundu yafutwe kwa kitambaa kikavu na sanduku likae mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari.

Sanduku lisilotumika kwa muda mrefu huhifadhiwa likiwa na chaji ya karibu nusu na kukaguliwa kila baada ya miezi 3. Betri ya fosfati ina tabia nyingine inayowashangaza watumiaji: volti yake karibu haibadiliki kuanzia ikiwa imejaa hadi inapokaribia kwisha, hivyo asilimia inayosomeka kwenye kioo hupatikana kwa kuhesabu umeme unaoingia na kutoka, na makosa madogo ya hesabu hulimbikizana mpaka kifaa kinazima ghafla kikionyesha asilimia 15. Dawa yake ni kukijaza hadi asilimia 100 mara kwa mara, kwa sababu ni hapo ambapo saketi husahihisha hesabu na kuzisawazisha seli.

Kuna jambo moja ambalo halina nafasi ya kujaribiwa: kuchomeka kebo yenye plagi pande zote mbili kutoka kwenye sanduku hadi soketi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima. Swichi kuu ikiwa haijazimwa, umeme hutoka nje hadi kwenye nyaya za mtaa, ambako fundi wa shirika la umeme huenda amepanda nguzo akiamini laini imekufa. Umeme wa gridi nao ukirudi, hukutana na inveta na kuiharibu.

Watengenezaji huhesabu kwamba betri imefika mwisho inapobakiwa na asilimia 80 ya uwezo wake, lakini sanduku lililokuwa na uniti moja bado lina wati-saa 800, zinazotosha taa na simu kwa miaka mingine. Linalopaswa kuachwa kutumiwa mara moja ni lile lililovimba, linalotoa harufu ya kemikali au linalopata joto likiwa halifanyi kazi. Hilo hutolewa nje, likawekwa juu ya sakafu ya saruji mbali na vitu vinavyowaka, wala halifunguliwi kwa bisibisi, kwa kuwa seli iliyotobolewa inaweza kuwaka tena hata baada ya moto wa kwanza kuzimwa.