Je, maji yanaweza kupunguza petroli ya gari?



Wapo watu wanaouza mtungi mdogo wa kufunga kwenye gari. Wanasema, "Tia maji humu, unganisha na betri. Petroli itapungua nusu." Kwa mwenye gari la kubeba samaki kutoka mwaloni Kirumba, hayo ni maneno matamu. Maji ya Ziwa tunayo tele! Lakini kabla ya kutoa fedha zetu, tuelewe kwanza.

MAJI NI NINI?

Maji ni gesi mbili zilizoungana. Moja ni haidrojeni. Nyingine ni oksijeni, ambayo tunaivuta tukipumua. Mwaka 1800, huko Uingereza, Nicholson na Carlisle walipitisha umeme wa betri ndani ya maji. Gesi hizo zikatengana. Haidrojeni huwaka. Ikiwaka, huungana tena na oksijeni, yanakuwa maji. Mpaka hapo muuzaji hajasema uongo.

KOSA LIKO WAPI?

Twende jikoni. Kuni zikiisha kuungua hubaki majivu. Nani anapika ugali kwa majivu? Basi maji ni kama majivu: ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Ukitaka kuitoa tena ndani ya maji lazima utumie nguvu. Nguvu hiyo haiwezi kuwa ndogo kuliko ile utakayoipata haidrojeni ikiwaka.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Umeme wa gari unatengenezwa na altaneta. Altaneta inazungushwa na injini. Injini inakula petroli. Kumbe ni petroli ileile! Tena kila hatua nguvu nyingine hupotea kama joto. Ni sawa na kuhamisha maji kwa ndoo iliyotoboka, halafu kuyarudisha kwa ndoo ileile. Huwezi kurudi na maji mengi kuliko uliyoanza nayo.

Mwingine atauliza: mbona Jinja, Uganda, maji ya Ziwa letu yanatoa umeme tangu mwaka 1954? Ni kweli. Lakini pale maji hayachomwi. Yanaanguka kutoka juu na kuzungusha mashine.

Huko Marekani, Stanley Meyer alisema gari lake linakwenda kwa maji. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio iliamua kwamba ni udanganyifu. Ikamwamuru awarudishie watu wawili dola 25,000.

HATARI

Gesi hizo mbili zikichanganyika, cheche moja tu inatosha kuzilipua. Tena mitungi mingi hutiwa soda kali, kama ile ya kutengenezea sabuni. Soda hiyo huunguza ngozi na macho.

TUFANYE NINI?

1. Tujaze upepo wa kutosha katika matairi.
2. Kama gari ni la zamani lenye kabureta, tusafishe chujio la hewa la injini.
3. Tusiendeshe kwa kasi, wala tusikanyage breki ovyo.
4. Tusibebe mzigo usio na kazi.

Hayo hayapunguzi petroli nusu, lakini yanapunguza kweli, na gharama yake ni ndogo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maji yanafanana na majivu?
2. Umeme wa kutenganisha maji ndani ya gari unatoka wapi?
3. Akija mtu na mtungi huo kijijini kwetu, tutamwuliza nini kabla ya kutoa fedha?