Usiukande Mguu Uliovimba Baada ya Homa



Ndugu msomaji, mwaka 2021, katika siku za korona, nilikuwa Ishiara, katika nchi ya joto ya Mbeere, kaunti ya Embu. Mzee mwenyeji wetu, mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa amelala kitandani siku kumi kwa maradhi hayo. Homa ilipomwondoka tulimshukuru Mola. Mara shavu la mguu wake wa kushoto likavimba, likawa la moto na lenye maumivu. Kijana wake akapasha mafuta ili amkande. Jirani mmoja, muuguzi, akamzuia: "Usiukande! Mpelekeni hospitali sasa hivi." Huko likaonekana bonge la damu ndani ya mshipa.

Tukaulizana: maradhi ya kifua yameufikiaje mguu?

Mwenyezi Mungu ameijalia damu sifa mbili: hutiririka mishipani, na huganda mtu anapojikata. Virusi vyaweza kuivuruga mizani hiyo. Mwili unapopigana navyo, utando laini wa ndani ya mishipa hujeruhiwa, na damu yenyewe huwa nyepesi kuganda. Mgonjwa naye hulala siku nyingi bila kutembea, na damu ya miguuni hupunguza mwendo. Mambo hayo matatu yakikutana, bonge hufanyika pasipo na jeraha lolote la nje.

Hatari kubwa ni bonge hilo kung'oka. Hupanda na damu hadi upande wa kulia wa moyo, kisha huingia mapafuni. Njia hiyo ya damu, kutoka moyoni hadi mapafuni, aliieleza Ibn al-Nafis, tabibu na mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki Cairo mwaka 1288. Bonge kubwa likiiziba, mtu aweza kufariki katika muda mfupi. Ndiyo maana kuukanda mguu wa namna hiyo, hata kwa nia njema, ni kucheza na roho.

Korona, iliyothibitishwa nchini Kenya Machi 2020, haiko peke yake. Mafua makali na virusi vya ukimwi navyo huongeza hatari hii. Lakini sisi wa Pwani tukumbuke pia kidingapopo, kinacholetwa na mbu. Virusi vyake hupunguza chembe zinazogandisha damu, na mgonjwa aweza kuvuja damu. Basi asijinunulie mtu aspirini dukani kwa kudhani anazuia damu kuganda, huenda akajidhuru.

Ukiugua, au ukiwa umetoka kuugua, angalia dalili hizi: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi kwa ghafla, kifua kuchoma unapovuta pumzi, au kukohoa damu. Uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukawa mzito, huenda bonge limefika ubongoni. Usingoje asubuhi.

Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kutafuta tiba, kumtegemea Mola hakuondoi wajibu huo. Mzee wetu wa Ishiara alitibiwa kwa sindano, kisha vidonge, vya kuzuia damu isizidi kuganda. Alhamdulillahi, akarudi sokoni kwa mbuzi wake. Mafuta yale yalibaki jikoni.