Vita dhidi ya dengi Vietnam: Imani ya wahudumu wa afya ndiyo silaha

Homa ya dengi, maarufu kidingapopo, haina tiba mahsusi. Hivyo kumdhibiti mbu aina ya Aedes aegypti hubaki kinga kuu. Kuanzia mwaka 1993, wataalamu nchini Vietnam walitia kwenye matangi ya maji Mesocyclops, viumbe wadogo jamii ya kamba wanaokula viluwiluwi vichanga vya mbu.

Jarida la Lancet liliripoti mwaka 2005 kuwa mbu huyo alitokomezwa katika kata 32 kati ya 37.

Hata hivyo, njia hiyo hutegemea mno msimamo wa wahudumu wa afya. Tangi likioshwa, viumbe hao humwagwa, na mhudumu asiyewaamini hatawarudisha. Tena ndiye anayeulizwa na wenyeji iwapo maji yenye wadudu yanafaa. Akisita, nao husita. Kupulizia dawa, kunakoonekana kwa macho, huvutia zaidi, ingawa moshi huo haufiki kwenye viluwiluwi vilivyomo majini.