Sura ya Tisa: Gari Linapopiga Magoti

Jioni uliliegesha likiwa limesimama vizuri. Asubuhi unatoka na ufunguo mkononi, unalikuta limepiga magoti kama ngamia anayesubiri mzigo: tairi la mbele limezama ndani ya madigadi, bampa linakaribia kugusa sakafu. Unawasha injini. Chini ya gari kompresa inaanza kunguruma, na baada ya dakika moja au mbili pua inanyanyuka. Unaenda zako kazini. Wiki kadhaa baadaye halinyanyuki tena, taa ya njano imewaka kwenye dashibodi, na fundi aliyechomeka mashine ya kupimia anakwambia, "Bosi, kompresa imekufa."

Huenda anasema kweli. Sura hii inamtafuta aliyeiua.

Gari la kawaida limekaa juu ya springi za chuma. Gari la hewa limekaa juu ya mipira iliyojazwa upepo, minne au miwili tu ya nyuma. Wazo lenyewe ni la zamani. Cadillac waliliweka kwenye Eldorado Brougham ya 1957, mipira ikavuja hadi wenye magari wengi wakaamua kurudi kwenye springi za chuma. Baadaye ikaja kompyuta ya kuusimamia upepo huo: Lincoln mwaka 1984, Range Rover mwaka 1992, Mercedes S-Class mwaka 1998. Huku kwetu magari haya hufika yakiwa yameshatumika Uingereza au Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini hata linaloteremka Mombasa likiwa linang'aa linaweza kuwa na mipira yenye umri wa mtoto wa darasa la pili, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Fuata upepo

Ukitaka kuuelewa mfumo huu, fuata njia ya upepo. Kompresa huvuta hewa ya nje na kuibana. Hewa hiyo hupita kwenye kikaushio, kisha kwenye bloku ya valvu, ambako hugawanywa: nyingine huenda kwenye tangi la akiba, nyingine kwenye mipira. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na kitu. Tangi la akiba katika mifumo mingi hubeba kati ya bar 10 na 16. Karibu na kila gurudumu kuna sensa ya kimo, kijimkono kinachopanda na kushuka pamoja na gurudumu na kuipasha kompyuta habari. Kompyuta ndiyo inayoamua valvu ipi ifunguke, na kwa muda gani.

Kikaushio kinastahili tusimame kidogo. Ndani yake mna punje kama zile za kwenye kipakiti kinachowekwa ndani ya boksi la viatu vipya. Hewa ikibanwa hutoa maji, na hewa ya Dar es Salaam au Tanga ina maji ya kutosha. Punje huyanywa. Gari likishushwa, upepo hurudi kwa njia ileile na kutoka nje kupitia kikaushio, na kwa kutoka hivyo huzikausha punje. Kikaushio huvuta maji upepo ukiingia na huyatema upepo ukitoka.

Sasa weka tundu dogo kwenye mpira mmoja. Upepo unaingia kupitia kikaushio, lakini unatokea tunduni, haurudi kuzikausha punje. Punje zinalowa, zinavunjika, na unga wake mweupe unasukumwa hadi kwenye valvu, ambazo zinaanza kunata. Huku nyuma kompresa, iliyotengenezwa kufanya kazi kwa dakika chache kisha ipumzike, inakimbia kila asubuhi kuziba pengo. Inapata joto, ringi ya pistoni inalika. Rilei inayoipelekea umeme inaungua midomo. Mwisho kabisa kompyuta inaandika msimbo, ule ambao mafundi wa mjini huuita "kodi": presha inapanda polepole mno. Msimbo huo ni ushahidi wa jirani aliyefika moto ukiwa umeshawaka. Alichokiona ni cha kweli, ila mwanzo wake hakuuona. Ukifunga kompresa mpya na kuliacha tundu, umeleta mgonjwa mwingine kwenye kitanda kilekile.

Usiku mmoja wa kupima

Kifaa cha kwanza ni futi kamba. Egesha gari mahali pa tambarare, zima injini, kisha pima kutoka kitovu cha kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo litakudanganya. Andika namba nne kwenye karatasi.

Usiende kulala bado. Katika baadhi ya magari kompyuta huamka usiku yenyewe, huangalia kona iliyoshuka kuliko zote, kisha hushusha nyingine tatu zilingane nayo ili gari lisisimame upande. Ni adabu nzuri, lakini inamficha mwizi: asubuhi unakuta gari zima limelala na hujui aliyeanza. Chomoa fyuzi ya mfumo, kila kona ibaki na upepo wake.

Asubuhi pima tena. Tuseme mbele kushoto jana ilikuwa milimita 470, leo 467. Mbele kulia ilikuwa 471, leo 398. Nyuma zote mbili zimepungua milimita tatu. Hizo tatu tatu ni ubaridi wa usiku tu, kwa kuwa hewa ikipoa hupungua. Mshukiwa ni mbele kulia, na umempata kabla ya kufungua nati hata moja. Kama hakuna kona iliyoshuka lakini gari bado hunyanyuka kwa shida, uvujaji uko upande wa tangi na mabomba yake, au kompresa yenyewe imechoka.

Povu halisemi uongo

Sasa chukua chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni. Anzia juu, pale bomba la plastiki linapoingia kwenye mpira. Kisha pulizia mkunjo wa chini, mahali mpira unapojiviringisha kila gari linapopita bondeni. Mchanga ukinasa kwenye mkunjo huo hufanya kazi ya msasa. Nyufa zake zina ujanja: gari likiwa juu zinafunguka, likiwa chini zinajifunga, au kinyume chake. Pulizia katika vimo vyote, uwe na subira. Tundu kubwa hutoa povu papo hapo. Dogo hukuwekea kichuguu cha mapovu madogo, kama mate ya konokono, baada ya dakika tano.

Usisahau mdomo wa kutolea upepo. Ukitoa mapovu gari likiwa limetulia, kuna valvu isiyofunga vizuri, na mpira wa hewa hauna kosa.

Neno la usalama, na halina mjadala: usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na upepo. Valvu moja ikifunguka, tani mbili na zaidi zinashuka bila kupiga honi. Kwanza stendi za chuma chini ya chesisi, kisha mwili wako. Na kabla ya kuchomoa bomba, toa presha yote.

Zamu ya umeme

Kama upepo hauvuji, ndipo uende kwenye nyaya. Anza na betri, kwa maana betri dhaifu huzaa misimbo ya uongo. Halafu pima umeme palepale kwenye plagi ya kompresa inapofanya kazi. Ukikuta umepungua sana kuliko ulivyo kwenye betri, tafuta rilei iliyoungua au waya ulioliwa na kutu.

Gari lililoinama upande mmoja bila kushuka usiku kucha mara nyingi lina tatizo la sensa. Nyingi hupewa volti 5 na kurudisha volti inayopanda na kushuka kadiri kijimkono kinavyosogea. Kisogeze taratibu kwa mkono huku mtu mwingine akisoma mita. Namba iteleze kama maji. Ikiruka, au ikiganda mahali pamoja, umempata. Ukibadilisha sensa, vimo lazima viwekwe upya kwa mashine, la sivyo gari litasimama kombo likiamini limenyooka.

Kununua na kubadilisha

Mpira uliopasuka haupigwi kiraka. Ukinunua wa mtumba, kumbuka umetoka kwenye gari lenye umri kama wa lako. Umenunua uzee wa jirani. Bomba likivuja mdomoni, mara nyingi inatosha kukata ncha iliyochubuka kwa wembe mkali, mkato uwe umenyooka kabisa, na kulirudisha. Kompresa ikiwa imekufa kweli, ibadilishe pamoja na rilei, na punje za kikaushio ziwe mpya.

Wapo wanaoamua kung'oa kila kitu na kuweka springi za chuma, kama wale wa Cadillac. Si aibu. Gari la barabara za vumbi, mbali na duka la vipuri, linaweza kuwa na raha zaidi hivyo, ilimradi kompyuta ielezwe kwamba upepo haupo tena, na mwenye gari aelewe kwamba uwezo wa kupandisha na kushusha ameuacha gereji. Kosa ni kung'oa mfumo mzima kwa sababu ya ncha ya bomba iliyochubuka, na ndilo hutokea pale asipopatikana mtu wa kupima.

Kazi ikiisha, usishawishike na gari lililosimama wima saa kumi na moja jioni. Hata lile bovu lilisimama hivyo. Chukua futi kamba, andika namba nne, chomoa fyuzi, ukalale. Fundi anayejiamini hatanuna ukimwambia malipo ni asubuhi.