Gladys: Jina la Bibi Limetoka Wapi?

Mama mmoja kijana alikuja kliniki hapa Tunduma na mtoto wa kike wa majuma sita. Nilipofungua kadi nikaona nafasi ya jina ni tupu.

"Sista, nyumbani bado tunavutana," akasema.

Mama mkwe alitaka mjukuu aitwe Gladys, jina lake yeye. Binti aliona ni jina la kizee. "Na hata maana yake siijui."

Akina mama wenzangu, ni wangapi kati yetu tunaijua? Wengi hudhani jina hili limo katika Biblia. Halimo. Wengine husema maana yake ni furaha, kwa sababu Kiingereza kina neno linalofanana nalo, na ndiyo maana wako mabinti waitwao Gladness. Hayo ni majina mawili mbalimbali.

Gladys ni jina la Wales, nchi ndogo upande wa magharibi wa Uingereza, yenye lugha yake. Wenyewe huandika Gwladys. Wako wanaolihusisha na neno lao "gwlad", yaani nchi. Wengine husema ni Klaudia lililogeuzwa na matamshi. Huyo Klaudia yumo kweli, katika 2 Timotheo 4:21. Wataalamu hawajakubaliana.

Aliyelipa sifa ni Gwladys binti Brychan, mfalme wa huko, yapata miaka 1,500 iliyopita. Masimulizi ya kale yasema baba alikataa posa ya Gwynllyw, naye akaja na watu 300 akamchukua binti kwa nguvu. Mwana wao Cadog akawa mtakatifu mashuhuri, akawaongoza wazazi wake wote wawili kwenye toba. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakioga mtoni hata wakati wa baridi kali. (Mimi maji ya Mbozi mwezi wa Juni tu hunishinda!)

Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza walilipenda sana jina hili. Kwao baadaye likawa la mabibi. Kwetu Afrika Mashariki bado lina nguvu: Gladys Cherono wa Kenya alishinda mbio za marathoni za Berlin mwaka 2015, 2017 na 2018, na Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda ni daktari wa wanyama, mtetezi wa gorila wa milimani.

Nilimsimulia binti hayo yote, lakini hayakumgusa sana. Basi nikamwita bibi, aliyekuwa kwenye benchi nje.

Kumbe bibi ana kisa chake. Kwenye cheti cha ubatizo ni Gladys. Kwenye kadi ya kura, Gradisi. Kwenye karatasi za shamba la marehemu mumewe, Gladness. Alihangaika miaka miwili na viapo, akithibitisha kwamba hao watatu ni mtu mmoja, huku shamba likilimwa na wengine.

"Nataka mmoja wetu aandikwe sawasawa tangu mwanzo," akasema.

Binti akanyamaza. Kisha akaniomba kalamu, akaliandika jina pembeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, herufi moja moja, akampa mkwewe alisome kwanza kabla sijaligusa kadi.