Nyumba ya Magurudumu na Matangi Yake Matatu

Nilikuwa nimeshafungua kifuniko cha tangi, mpira wa maji mkononi, shemeji yangu akatokea mbio upande wa pili wa gari.

"Shemeji, acha! Huo ni wa choo."

Tulikuwa kwenye kituo cha kuhudumia magari kandokando ya Mto Danube, kusini mwa Ujerumani, siku ya pili ya safari ya wiki mbili. Pale pana nguzo moja ya chuma yenye mabomba mawili. La juu ni la maji ya kunywa. La chini ni la kusuuzia choo, na mpira wake ulikuwa umelala kwenye zege lililolowa. Kila anayefika huuchomeka ndani ya tangi la choo chake, akasuuza, akauachia palepale. Mimi nilibakiza kidogo tu kuuingiza kwenye maji ya kupikia chai.

Shemeji hakunilaumu. Alitoa mpira wake mwenyewe kwenye mfuko safi, akaufuta mdomo wa bomba la juu kwa dawa na karatasi, akayaacha maji yamwagike kama nusu dakika, ndipo akaunganisha. Dada yangu, aliyekuwa akitazama kutoka dirishani, akaniambia kwamba kwenye gari hili mtu haulizi maji yako wapi, anaulizia yamekaa wapi na kwa muda gani. Maneno hayo nilikuja kuyaelewa kadiri safari ilivyoendelea.

Gari-nyumba ni gari lenye ukubwa wa basi dogo, ndani yake mna vitanda, jiko, sinki, bafu na choo. Ulaya watu hulikodi kwa likizo na kuzunguka nalo nchi tatu nne bila kulala hotelini. Chini ya sakafu yake na ubavuni mna matangi matatu. Letu lilikuwa na lita 100 za maji safi na lita 90 za maji yaliyokwisha kuoshea vyombo na miili. La tatu, la choo, wanaliita kaseti: halifiki lita 20, lina mpini na magurudumu, unalivuta kama sanduku la safari. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo tangi likijaa umebeba kilo 100 kabla hujapakia hata mkate. Leseni ya kawaida ya Ulaya hairuhusu kuendesha gari linalozidi kilo 3,500, na magari haya hukaribia kiwango hicho hata kabla watu hawajaingia. Ndiyo maana wengi hutembea na maji kidogo, wakajaza njiani, leo kijiji hiki, kesho kingine.

Kila unapojaza, unakaribisha wageni. Hata maji safi ya kunywa yana bakteria wachache wasio na madhara, na Ujerumani maji mengi ya bomba hayatiwi klorini kabisa, kwa kuwa yanatoka chini ya ardhi yakiwa safi na yanatembea kwenye mabomba bila kusimama. Kule ndani ya bomba la mji, mwendo ndio ulinzi. Ndani ya tangi la gari lililoegeshwa juani siku tatu, ulinzi huo haupo. Bakteria hushika ukuta wa plastiki, wakaongezeka, wakatoa ute unaowagandisha pamoja. Ukipitisha kidole utahisi utelezi, kama jiwe la mtoni. Utando huo ndio ngome yao: klorini inayowaua wakielea majini hushindwa kupenya hadi walioko chini ya ute. Ndiyo maana mtu anaweza kutia dawa kila wiki na maji yakaendelea kunuka tope. Utando hauondolewi na dawa peke yake, unaondolewa na mkono na brashi.

Nilimtazama shemeji akifanya kazi hiyo kabla hatujaondoka. Alianza na asidi ya sitriki, ule ukali wa ndimu unaouzwa kama unga, kuondoa ukoko wa chokaa, maana ukoko una vinyweleo na bakteria hujificha humo. Akasuuza mara mbili. Akaingiza mkono hadi begani, akasugua pembe zote. Mwisho akatia klorini, akafungua bomba moja baada ya jingine, la jikoni, la bafuni, la moto na la baridi, hadi kila moja likatoa harufu ya dawa. Akayaacha maji hayo yalale humo usiku, asubuhi akayamwaga na kusuuza tena. Kati ya asidi na klorini alisuuza kwa makini sana, na ana haki: vikikutana hutoa gesi ya klorini, na ndani ya gari dogo gesi hiyo huchoma mapafu.

Wapo wanaouza dawa za madini ya fedha za kutia tangini. Fedha kweli huwazuia bakteria kuongezeka, lakini hufanya kazi polepole, na haisafishi tangi lililokwisha kuchafuka. Inayatunza maji yaliyo safi, basi.

Jambo la kuogopa zaidi liko kwenye maji ya moto. Julai 1976 wanajeshi wastaafu wa Marekani walikutana kwenye hoteli moja mjini Philadelphia, na baada ya siku chache wengi wao wakaugua homa kali ya mapafu, wengine wakafa. Ilichukua miezi kadhaa kujua chanzo. Januari 1977 mtafiti Joseph McDade na wenzake wa kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa wakamtambua mhusika, bakteria ambaye baadaye alipewa jina Legionella. Anaishi majini, anapenda nyuzi joto 25 hadi 45, na hamdhuru mtu kwa kunywewa bali kwa kuvutwa puani, katika matone madogo yanayoelea kama ukungu. Sasa fikiria bafu la gari-nyumba: boila ya lita 10 iliyowashwa ikazimwa, maji yakakaa vuguvugu siku nzima, jioni mtu anafungua bomba la mvua ndani ya kachumba kasichotosha hata kunyoosha mikono. Dawa yake ni joto lenyewe. Kwenye nyuzi 60 na zaidi anakufa. Kwa hiyo shemeji, kila baada ya siku mbili, aliipandisha boila hadi mwisho kabla hatujaoga, hata kama tulikuwa tunataka maji ya uvuguvugu tu.

Kuoga kwenyewe hakukunisumbua. Mkazi wa Ujerumani nyumbani kwake hutumia takriban lita 125 za maji kwa siku. Kwa kipimo hicho mtu mmoja angelimaliza tangi letu kabla jua halijazama. Sisi tulikuwa wanne na tangi moja lilitutosha siku mbili. Unalowa, unafunga bomba, unapaka sabuni, unafungua tena. Aliyekulia Tanga akioga kwa ndoo na kata hahitaji kufundishwa.

Usiku wa tisa tulilala milimani Austria. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba na hatukudhani kutakuwa na baridi kali. Alfajiri dada akatuamsha: "Jamani, mvua hii mbona inanyesha chini ya gari tu?" Haikuwa mvua. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na nguvu hiyo inatosha kupasua boila ya chuma. Kwa hiyo watengenezaji wameweka karibu na sakafu valvu isiyotumia umeme wala kusubiri mtu: joto likishuka kufikia kama nyuzi 3, inafunguka yenyewe na kuyamwaga maji ya boila nje. Valvu ilifanya kazi yake. Kosa lilikuwa letu, tulilala bila kuzima swichi ya pampu. Mgandamizo uliposhuka, pampu ilidhani mtu amefungua bomba, ikasukuma maji kutoka tangini kwenda kwenye boila, na boila ikayamwaga nje, hadi tangi likabaki tupu. Asubuhi tulipikia chai maji ya chupa.

Tangi la pili watu hulidharau, kwa kuwa ni povu la sabuni na makombo tu. Kumbe ndilo linalonuka mapema kuliko yote. Mafuta ya kukaangia, punje za wali na uji wa mtoto ni chakula, na tangi lililofungwa halina oksijeni ya kutosha. Bakteria wanaoishi bila oksijeni huingia kazini, na miongoni mwa wanayotoa ni haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza. Nyumbani harufu hiyo huzuiwa na kona ya bomba inayobaki na maji chini ya sinki. Wazo hilo Alexander Cumming, fundi saa kutoka Uskoti, alilisajili London mwaka 1775 kwa ajili ya choo, na mpaka leo hakuna aliyepata bora zaidi. Lakini kwenye gari linalopanda na kushuka milima, maji ya kwenye kona hutikisika yakamwagika, na mlango wa harufu ukabaki wazi. Sisi tuliweka kizibo kwenye sinki kila tulipoanza mwendo, na tukawa tunafuta sahani kwa karatasi kabla ya kuziosha. Hayo mawili yalitosha.

Sasa kaseti. Humo mna mkojo, kinyesi, karatasi na maji kidogo, vimefungwa pamoja kwenye joto. Urea iliyomo kwenye mkojo huvunjwa na bakteria ikawa amonia, na gesi nyingine hufuata. Kwa miaka mingi jibu la watengenezaji lilikuwa maji ya buluu yenye fomalini. Aliyewahi kuingia maabara ya biolojia au mochwari anaijua: ndiyo inayozuia mwili usioze. Inazuia kuoza kwa sababu inaua kila kilicho hai, na harufu inakoma kwa kuwa watoa harufu wamekufa. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hilo peke yake lingetosha kuiacha. Lakini mimi limenigusa jambo la pili, la huko kinyesi kinakokwenda.

Mwaka 1914 watafiti wawili wa Manchester, Edward Ardern na William Lockett, walitoa taarifa ya jaribio lao. Walikuwa wamepuliza hewa ndani ya majitaka kwa wiki nyingi hadi yakasafika. Wengine walishafanya hivyo, na mwisho walimwaga kila kitu. Wao waliyamwaga maji wakalibakiza tope lililotuama chini, wakatia majitaka mapya juu yake, wakapuliza tena. Kila mara muda ulipungua, na kazi iliyochukua kama wiki tano ikawa inakwisha ndani ya siku moja. Lile tope lilikuwa jeshi la bakteria waliozoea kula uchafu. Mitambo mingi ya majitaka duniani leo inaendeshwa kwa njia hiyo: inalisha tope hai, inalipa oksijeni, inasubiri.

Kwenye mji mkubwa kaseti moja ya maji ya buluu hupotea kama chumvi baharini. Lakini kambi za magari-nyumba mara nyingi ziko vijijini na msituni, na baadhi zina mtambo wao mdogo. Wikiendi ya likizo magari 50 yakimwaga sumu ileile asubuhi moja, tope hufa, na majitaka hupita kuelekea mtoni kama yalivyoingia. Ndiyo maana kambi kadhaa za Ujerumani hukubali tu dawa zenye alama ya mazingira ya Blauer Engel. Nakubaliana nazo kabisa. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtu anayesafiri ili aone mito anaweza kuwa ndiye anayeichafua kwa chupa ya dawa ya manukato.

Gari letu halikutumia dawa yoyote. Lilikuwa na feni ndogo ya kompyuta iliyounganishwa na kaseti, inayovuta hewa ya ndani na kuitoa nje kupitia kichujio cha makaa. Hewa mpya ikiingia, bakteria wanaotumia oksijeni hupata nguvu, na hao hawanuki kama wenzao. Wengine huenda mbali zaidi, huweka choo kinachotenganisha mkojo na kinyesi, kwa kuwa vikikaa mbalimbali harufu hupungua sana. Vyoo vya namna hiyo si vigeni kwetu: mitaa ya mabanda ya Nairobi ina vyoo vya Fresh Life, ambavyo uchafu wake hukusanywa na kugeuzwa mbolea.

Mwaka uliofuata nilikuwa Tanga kwa mama. Nyuma ya nyumba, juu ya mnara wa matofali, kuna simtanki jeusi la lita 1,000 ambalo jua hulipiga kutwa nzima. Nilipanda ngazi, nikafungua kifuniko, nikapitisha kidole ukutani chini kidogo ya usawa wa maji. Kilirudi na utelezi.

"Mama, hili lilisafishwa lini?"

"Tangu fundi alipolipandisha, mwanangu. Maji si yanatoka Idara ya Maji, masafi?"

Jumamosi tulifungua koki ya chini, tukayamwaga maji kwenye migomba. Mpwa wangu mdogo, mwembamba kuliko wote, aliingia ndani na brashi, akasugua huku mimi nikishika ngazi na kumulika tochi, tukawa tunaongea naye kila mara tujue anapumua vizuri. Alipotoka tukasuuza, tukajaza, tukatia klorini. Mama akasimama jikoni na bakuli chini ya bomba, akiinusa kila mara, akitusubirisha.

"Bado," akasema kupitia dirishani. Na baada ya muda, "Sasa imefika. Nendeni la bafuni."