Bati Kabla ya Mvua

Mwezi wa kumi, Dzaleka ni mwezi wa kutazama juu. Joto limekaza, vumbi limeingia hadi kwenye sufuria, na jioni mawingu hukusanyika kisha hutawanyika bila kushusha tone. Ndipo watu wanapopanda juu ya nyumba zao. Aliyeezeka kwa nyasi huangalia palipooza. Aliyefunika kwa shitingi ya plastiki huangalia jua limeichana wapi. Mwenye mabati hupapasa matundu ya misumari kwa kidole. Ukuta wa tofali mbichi ukinyweshwa maji kutoka juu, haukawii kumomonyoka na kulala chini. Kwa hiyo paa ndilo linaloamua kama nyumba itafika mwezi wa nne ikiwa bado imesimama.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita 40 na ushei kaskazini ya Lilongwe. Zamani za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza. Mwaka 1994 serikali ya Malawi na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walipafungua kuwa kambi ya wakimbizi, ikikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamepita 50,000. Wengi wametoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda, na ndiyo maana sokoni Kiswahili hakikauki. Mpango wa awali ulikuwa makazi ya muda. Muda huo umezidi miaka 30, na ukarabati umegeuka kuwa mradi mkubwa kuliko yote, ingawa hauna bango wala mhandisi. Unaendeshwa nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inajibu swali lake yenyewe: fedha ya paa itatoka wapi?

Fikiria ndugu wawili, mmoja ameshahamishiwa Marekani, mwingine, mkubwa wake tutakayemwita Yaya, amebaki Dzaleka. Mdogo anapiga simu: “Yaya, huku nikilipa kwa kadi wananirudishia kidogo. Hizo pointi nitazikusanya nikutumie za paa.” Ahadi hiyo inatoka moyoni, na inastahili kupigiwa hesabu ya kweli.

Kadi nyingi za mkopo za Marekani humrudishia mteja kati ya asilimia 1 na 2 ya anachotumia. Kwa kiwango cha asilimia 2, atakayetaka kukarabati paa la huko la dola 10,000 kwa tuzo peke yake atalazimika kwanza kutumia dola 500,000. Hilo halipo kwa mfanyakazi wa ghala. Lakini tuseme paa la Dzaleka, mabati, mbao na misumari, linahitaji dola 300. Hapo matumizi ya dola 15,000 yanatosha, na familia inaweza kuyafikisha kwa mwaka kupitia chakula, mafuta ya gari na bili. Tuzo isiyotosha kurekebisha hata upande mmoja wa paa kule inaweza kufunika nyumba nzima huku.

Sharti ni moja, na ndilo linalovunja mipango mingi: deni la kadi lilipwe lote kila mwezi. Riba ya kadi za Marekani kwa sasa hupita asilimia 20 kwa mwaka. Mdogo akibeba deni la dola 1,500 mwaka mzima, riba inakula dola 300, yaani paa lilelile. Tuzo ya kadi haianguki kutoka mbinguni. Inatokana na ada anayokatwa mwenye duka kila kadi inapotumika, na benki hujazia faida yake kwa riba ya wale wasiolipa kwa wakati. Anayepata pointi na anayezigharamia wanaweza kuwa mtu mmoja.

Yaya aliyebaki hana kadi ya mkopo. Ana simu, ana msaada wa fedha unaotolewa badala ya chakula, msaada ambao umepunguzwa zaidi ya mara moja, na ana faida ndogo ya mandazi au ya kushona. Juu ya hayo ana kikundi. Wakongo huita likelemba ule mchezo wa kupeana zamu, Watanzania upatu, Wakenya chama. Wamalawi wana banki nkhonde. Khonde kwa Kichewa ni baraza ya nyumba, kwa hiyo hiyo ni benki ya barazani, na kweli watu hukaa barazani na kisanduku kati yao.

Utaratibu huu wa kuweka na kukopeshana ulipewa umbo lake la sasa Niger mwaka 1991, kwenye mradi wa shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika nzima. Wanachama huwa 15 hadi 25. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu. Kila kikao mwanachama hununua hisa kati ya moja na tano. Fedha iliyokusanyika hukopeshwa kwa riba waliyoipanga wenyewe. Baada ya miezi 9 hadi 12 wanavunja mzunguko, na kila mtu anachukua akiba yake pamoja na fungu la faida.

Tuseme Yaya amenunua hisa 2 kila wiki kwa wiki 40. Ana hisa 80. Kama mikopo imezaa vizuri, hisa zile zinaweza kurudi zikiwa na thamani ya hisa 100. Hizo 20 za nyongeza ndizo pointi zake. Nazo pia zimelipwa na mtu: jirani aliyekopa kumpeleka mtoto hospitali, au Yaya mwenyewe aliyekopa alipoishiwa unga. Ila hapa anayelipa anaonekana. Anaketi mkekani mbele yako, na kikundi chenye busara humpunguzia riba aliyefiwa, au humsaidia kwa mfuko wa jamii uliotengwa kwa dharura. Wenye kadi hawana pa kukutania hivyo. Hawajui hata nani amewalipia.

Nimeeleza hesabu hii kwa kirefu kwa sababu inaonyesha jambo ambalo waandishi wa miradi hulipita haraka. Chakula kinataka fedha ya matone, kidogo leo na kidogo kesho. Paa linataka fedha ya mkupuo. Huwezi kuezeka robo ya nyumba na kuiambia mvua isubiri. Kule Rarieda, magharibi ya Kenya, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia familia zilizopewa fedha na shirika la GiveDirectly, nyingine kwa mkupuo, nyingine kidogo kidogo kila mwezi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kuwa waliopewa kila mwezi walielekea kuwa na uhakika zaidi wa chakula, na waliopewa kwa mkupuo walielekea kununua vitu vya kudumu. Familia za pande zote mbili zilikuwa za kimaskini. Umbo la fedha ndilo lililotofautiana.

Msaada wa Dzaleka huja kwa matone, nao umepangwa hivyo kwa sababu njaa ni ya kila siku. Basi watu wenyewe wamejitengenezea mtambo wa kugeuza matone kuwa mkupuo. Ripoti itaandika kwamba fedha ya chakula imefika. Haitaandika kwamba sehemu yake ilipita kwenye kisanduku, ikakopeshwa mara tatu, ikawa mabati.

Malawi yenyewe imewahi kupanga paa kwa mkupuo. Mwishoni mwa 2014 serikali ya Peter Mutharika ilizindua ruzuku ya saruji na mabati, iliyojulikana kote kama ya malata, yaani mabati, ili maskini wa vijijini waondokane na nyumba za nyasi. Walionufaika walitakiwa kurudisha sehemu ya gharama ili na wengine wapate. Marejesho yakawa hafifu. Mkopo unaotoka serikalini mara nyingi hupokewa kama zawadi. Wa kwenye sanduku unarudi, maana aliyekukopesha ni jirani anayekusalimia kila asubuhi.

Hata hivyo mtambo wa barazani una kasoro yake, na kasoro hiyo ni kalenda. Vikundi vingi huvunja mzunguko mwezi wa kumi na mbili ili sikukuu ziwakute na fedha mkononi. Mvua za Malawi huanza mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo fedha ya paa inafika wakati paa limeshavuja, ukuta umeshalowa, na mafundi wote wana kazi. Tena kuna thamani ya kwacha. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44, kutoka kama kwacha 1,180 hadi 1,700. Aliyekuwa ameweka noti sandukuni tangu Januari akitarajia kununua mabati Desemba aliukuta mpango wake umepungua kabla hajaugusa.

Mwaka huohuo, mwezi Mei, wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe walikamatwa na kurudishwa kambini, kwa kuwa sheria za Malawi zinawataka wakae huko. Waliorudi walihitaji pa kulala, na duka walilokuwa wakilitegemea kununulia hisa lilibaki mjini. Sanduku haliwezi kuhimili pigo la namna hiyo. Linazidisha kilichoingia, na mtu asiyeruhusiwa kufanya kazi huingiza kidogo.

Kwa hiyo ninachowaomba wanaopanga miradi ya kambi hii ni vitu vidogo. Waache vikundi vianze mzunguko mwezi wa kwanza na kuvunja mwezi wa tisa, na mafunzo yao yafuate ratiba hiyo badala ya mwaka wa fedha wa mfadhili. Wasaidie kikundi kununua mabati kwa pamoja Lilongwe na kugawana nauli ya lori, na wawafundishe wanunuzi kutofautisha geji 28 na geji 32, maana bati jembamba upepo wa kwanza hulikunja. Na mdogo aliye Marekani, akimaliza kulipa deni lake la mwezi, atume hizo pointi Agosti.

Agosti Dzaleka kuna baridi na upepo mkavu, na hakuna anayewaza mvua. Ukiona mtu amebeba mabati kichwani siku hizo, ujue kikundi chake kimevunja mapema.